Kuvuja kwa pakacha, hasara ya mwenye gari

MUULIZE FUNDI: maswali ya wasomaji kuhusu magari

Barua za mwezi huu zilikuja zikinuka oili. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini injini ikivuja anayepata nafuu ni muuza spea peke yake. Tumechagua barua saba. Ya kwanza inabeba mengi ya zilizobaki, kwa hiyo jibu lake ni refu kuliko mengine yote. Lisome hata kama huna Probox.

SWALI: Asalaam alaikum mafundi. Nina Probox ya 2007, injini 1NZ, imetembea kilomita 260,000. Nasambazia mikate Kisauni na Bamburi. Kila asubuhi nakuta doa la oili chini, upana wake kama kisahani cha kikombe. Fundi wa kwanza alibadilisha nati ya sampu, lile karai la oili chini ya injini. Wa pili alishusha sampu akaipaka silikoni upya. Wa tatu sasa aniambia ni sili ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Pesa zaisha na doa liko palepale. Nianzie wapi?
*Msambaza mikate, Kisauni*

JIBU: Waalaikum salaam. Anzia juu. Mafundi wote watatu wamelifuata tone, na tone ni mwisho wa safari ya oili. Oili ikishatoka huteremka, na gari likiwa mwendoni upepo unaopita chini ya injini huisukuma nyuma. Inayodondoka kwenye nati ya sampu huenda imetoka kwenye kava ya juu kabisa, ikashuka ubavuni mwa bloku, ikafuata ukingo wa sampu hadi mahali pa chini kuliko pote, na hapo ndipo nati ilipo. Tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote. Chanzo kiko hapo au karibu yake sana.

Hakikisha kwanza kinachodondoka ni oili ya injini. Usiku tandaza katoni kavu chini ya gari, uandike juu yake mbele ni wapi na kushoto ni wapi. Oili ya injini ni ya hudhurungi au nyeusi, na inateleza vidoleni. Nyekundu ni ya giaboksi ya otomatiki, au ya usukani kwa magari yenye usukani wa hydroliki. Oili ya giaboksi ya mkono inanuka kibiriti. Maji ya rejeta yana rangi, kijani au waridi, na harufu tamutamu. Oili ya breki ni nyepesi na inachubua rangi ya gari. Hiyo usiilaze hadi kesho. Maji matupu yasiyo na harufu ni ya AC. Kwa unyevu wa Mombasa AC humwaga maji mengi, na wapo waliofunguliwa injini kwa sababu yake.

Kisha osha. Injini iliyovaa tope la oili la miaka haisomeki. Subiri ipoe. Funika oltaneta, viungo vya nyaya na mdomo wa hewa kwa nailoni (mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, lakini nailoni ya godoro jipya yatosha). Paka dawa ya kuondoa grisi, au mafuta ya taa kama huna, sugua kwa brashi, acha dakika 10 hadi 15, suuza kwa maji yasiyo na presha kubwa, halafu pulizia hewa ya kompresa mpaka kwenye pembe. Petroli usitumie kabisa: mvuke wake hungoja cheche moja tu ya waya wa betri.

Ikishakauka, nyunyiza poda ya watoto kwenye maunganisho unayoyashuku. Endesha kilomita 15 hadi 20 ili injini ishike joto, kisha simama ukague kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi. Pasipovuja patabaki peupe, panapovuja patachora mstari mweusi. Uvujaji ukiwa wa polepole mno, kuna rangi maalumu inayotiwa ndani ya oili na kung'aa kwa taa ya UV. Kichupa cha ml 30 kwa kawaida hutosha injini ya lita 4 hivi. Soma maelezo yake. Tembea nayo siku mbili, tatu, ukague gizani.

Kabla hujanunua gasketi yoyote, ipime PCV. Hicho ni kivalvu kidogo kinachovuta gesi za tumbo la injini na kuzirudisha kwenye inteki (njia ya hewa ya injini) ziungue. Pistoni hata zikiwa nzima hupitisha gesi kiasi. PCV ikiziba, gesi hizo zinakosa pa kutokea, presha inapanda tumboni na kuisukuma oili ipite kwenye sili iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiibadilisha hiyo, itavuja inayofuata. Gari linalovuja mahali papya kila likitoka gereji mara nyingi ugonjwa wake ni huu, na kivalvu chenyewe ni miongoni mwa spea rahisi. Kwenye 1NZ kimefungwa kwenye kava ya juu. Kitoe ukitikise: kizima kinagonga ndani, kilichokwama kiko kimya. Halafu, injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili uweke kipande cha karatasi ngumu juu ya tundu. Ikivutwa kidogo au ikitulia, sawa. Ikirushwa juu, na moshi ukapuliza kama birika, ama PCV imeziba ama ringi za pistoni zimechoka.

Kwa 1NZ ya umri huo twaishuku kwanza gasketi ya kava ya valvu, ile ambayo gereji zote zaiita tapeti kava. Mpira wake ukishapikwa na joto kwa miaka unakuwa mgumu kama plastiki na kubaki bapa. Hupona kwa mpya, si kwa kukaza bolti. Toa koili nne zinazopeleka umeme kwenye plagi, toa mabomba, fungua bolti za kava kidogo kidogo ukianzia nje kuelekea kati. Safisha mfereji wa gasketi na uso wa silinda hedi kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki. Kikwangulio kiwe cha plastiki au mbao, msasa na greinda vikae mbali na aluminiamu. Gasketi mpya huingia kavu. Silikoni huwekwa mahali pawili tu, kwenye zile kona ambapo kava ya cheni ya injini inakutana na silinda hedi, tone dogo kila kona. Hizo kona mbili ndizo mafundi wenye haraka huzisahau, kisha wakasema gasketi ilikuwa feki. Bolti zikazwe kuanzia kati kwenda nje, kwa awamu mbili, mpaka Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono kwa rachi ndogo. Ukiongeza, meno ya aluminiamu, ile mistari inayoshika bolti, yatang'oka.

Kava ikiwa kavu, angalia presha swichi ya oili. Hiyo huvuja kupitia plastiki yake ya katikati, na ukichomoa waya utaona oili ndani ya kichwa chake. Kwa Toyota nyingi yatoka kwa soketi ndefu ya namba 24. Mpya ipakwe silikoni ya meno kwenye meno mawili, matatu, isizungushiwe tepu nene, kwa sababu swichi ya waya mmoja hupata athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia meno yenyewe. Baada ya hapo tazama maunganisho ya kava ya cheni. Sili ya mbele ya krenki iwe karibu ya mwisho, nayo ina alama yake: puli huirusha oili, ukaona mchirizi wa duara kuizunguka. Bila mchirizi huo, mwambie fundi wa tatu asubiri.

Neno moja juu ya fundi wa pili. Chungulia ukingo wa sampu. Ukiona silikoni imetokeza nje kama kamba nene, ujue ndani imetokeza vilevile, na vipande vyake hukatika vikaenda kuziba chujio la pampu. Taa ya oili ikianza kumetameta injini ikiwa moto na inanguruma taratibu, zima, sampu ishushwe tena. Kazi sahihi ni uzi mmoja wa silikoni wa mm 3 hadi 4 unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, sampu ifungwe ndani ya dakika 3 kabla uzi haujaota ngozi, na oili isitiwe kabla muda wa saa mbili haujapita. Nyingine hutaka siku nzima, soma tyubu. Injini hiyo hunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta.

Wakati unatafuta, pima oili kwa dipstiki (kijiti cha kupimia) kila asubuhi kabla ya kuwasha. Tone moja kila dakika si mzaha: kwa siku kumi ni takriban nusu lita, na hiyo ni gari likiwa limesimama.

SWALI: Habari zenu. Premio yangu ina injini ya 1ZZ. Nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni nasikia harufu ya kitu kinaungua, na mara moja moshi mwembamba ulitoka pembeni mwa boneti. Nikivuka na kushika barabara ya Ukunda harufu inaisha. Chini ya gari hakuna hata tone. Ni nini?
*Mwalimu, Likoni*

JIBU: Mwalimu, tone halifiki chini kwa sababu linaungua njiani. Oili inatoka juu na kuangukia ekzosi. Ukiwa mwendoni upepo huuchukua moshi. Kwenye foleni hakuna upepo, na feni ya AC inaivuta harufu hadi ndani. Usilichukulie jepesi. Oili ikilowesha vitambaa na kava za joto zilizo karibu na ekzosi, ndipo moto wa boneti unapoanzia. Ukiona moshi mzito, zima injini, toka, na boneti usiifungue wazi ghafla, maana utaupa moto hewa.

Chanzo cha kwanza ni tapeti kava kama tulivyoeleza hapo juu. Cha pili ni cha injini za 1ZZ, na wengi hawakijui: kikazio cha cheni kimefungwa kwa nje ya silinda hedi, kwa nati mbili za namba 10, na nyuma yake kuna o-ringi moja. O-ringi hiyo ikikauka, oili inatiririka ubavuni na kila mtu anailaumu kava ya cheni. Spea ni ringi tu. Lakini kazi ina mtego. Kikazio kikiwa nje, injini isizungushwe hata kidogo, cheni isije ikaruka meno. Kabla ya kukirudisha, finya kisukumio chake kiingie ndani ukifungie kwa kindoano chake. Nati zikishakazwa, zungusha krenki kwa mkono kidogo, kinyume cha mzunguko wa saa, ili kindoano kiachie na kisukumio kikandamize cheni. Fundi akisahau hatua hiyo, utasikia cheni ikigonga mara tu ukiwasha.

SWALI: Nina Hiace ya dizeli, injini 5L, inayofanya kazi Mtwapa na mjini. Oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Fundi ashasema giaboksi ishuke, sili kubwa ya nyuma imekufa. Siku mbili bila gari ni hasara. Hakuna njia nyingine?
*Mwenye matatu, Mtwapa*

JIBU: Huenda fundi wako ana haki, lakini ajibu maswali matatu kwanza.

Je, amepapasa juu ya tumbo la klachi, lile ganda linalounganisha injini na giaboksi? Akipitisha kitambaa kwenye mgongo wake kikatoka na oili, basi inatoka juu. Kwenye injini za ukoo huu, nyuma ya tapeti kava kuna kipande cha mpira cha nusu mwezi kinachoziba mwisho wa silinda hedi. Kikikauka humwaga oili nyuma ya injini, ikateremka hadi palepale inapotoka ya sili. Kazi yake ni ya asubuhi moja, giaboksi ikiwa mahali pake.

Je, ameangalia oltaneta? Oltaneta ya dizeli hizi imebeba nyuma yake pampu ya vakyum ya breki, na pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini kupitia mabomba mawili. Mpira wa bomba la kurudishia ukipasuka, upepo unaisambaza oili upande mzima wa injini. Bomba lifungwe kwa klipu mpya. Waya wa kufungia hukata mpira.

Je, ameinusa? Sili ya mdomo wa giaboksi nayo huvujia mle mle, lakini oili ya giaboksi ina ule uvundo wa kibiriti na huwa haina weusi wa masizi ya dizeli.

Yote matatu yakiwa safi, giaboksi ishuke, na ikishuka fanya yote kwa mpigo mmoja, maana gharama kubwa ni kuishusha: sili ya krenki, sili ya mdomo wa giaboksi, bearingi ya klachi, na sahani ya klachi kama imelowa. Sahani iliyokunywa oili haioshwi ikapona. Itateleza, injini ivume na gari lisiende. Sili ya zamani ikitoka, pitisha ukucha kwenye krenki. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya ikikaa palepale itavuja mwezi huohuo. Ipigwe mm 1 au 2 nje au ndani ya njia ya zamani, kama nafasi yake inaruhusu, au krenki ivishwe shati jembamba la chuma linalouzwa kwa kazi hiyo. Mdomo wenye springi huelekea kwenye oili. Upakwe oili safi, na sili igongwe kwa kipande cha bomba chenye upana sawa nayo, pande zote kwa pamoja. Nyundo ya upande mmoja huipinda.

Kabla ya yote hayo, injini ikinguruma taratibu, geuza kifuniko cha oili kichwa chini ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikicheza kidogo ni kawaida ya dizeli. Kikirushwa, gesi za pistoni ni nyingi mno, na hakuna sili itakayokaa. Halafu shika puli ya krenki, isukume mbele na nyuma. Mchezo unaousikia kwa mkono ni washa za krenki zilizolika, na hizo nazo huua sili.

Na kwa kuwa 5L yatumia taiming belti, fungua kava ya mbele uchungulie. Belti iliyolowa oili haifikishi kilomita 100,000 zake. Ikikatika, valvu na pistoni zitakutana.

SWALI: Jirani asema nitie oili nzito ya 20W-50 badala ya 5W-30, au ninunue dawa ya kuzuia kuvuja. Mombasa kwani kuna baridi ya kutaka oili nyepesi?
*Msomaji, Changamwe*

JIBU: Kwa mwanadamu hakuna baridi. Kwa oili, hata nyuzi 24 za alfajiri ni baridi, kwa sababu yenyewe hufanya kazi karibu na nyuzi 100. Namba ya kwanza yaeleza inavyotiririka ikiwa baridi, ya pili uzito wake kwenye nyuzi 100. Oili ya 20W huchelewa kufika juu ya injini unapowasha, na injini yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili wakati valvu zinapofunguka) ina vijitundu na chujio dogo vilivyopimwa kwa oili nyepesi. Fungua kitabu cha gari: kina jedwali la oili zinazokubalika kwa joto mbalimbali, na kuhama kutoka 5W-30 hadi 10W-30, au 10W-40 kama jedwali lairuhusu, si kosa kwa injini ya Mombasa iliyochoka. Kurukia 20W-50 ili kuzuia tone ni kuihamisha shida kutoka sakafuni hadi kwenye kamshafti, ule mhimili wa juu unaofungua valvu. Tena oili nzito haizibi gasketi iliyokatika. Inatoka polepole zaidi, basi.

Dawa za kuzuia kuvuja nyingi hulainisha na kuvimbisha mpira. Sili iliyokauka bila kukatika yaweza kutulia kwa muda. Kwa sampu yenye kutu, presha swichi au kona za kava ya cheni, dawa haina la kufanya. Ukiiacha mwaka mzima, mpira uliolainishwa hulegea kabisa. Sisi twaikubali kwa gari linalosubiri zamu ya sili ya nyuma, kwa sevisi moja. Iliyo nzito kama asali, inayoahidi kuziba kila kitu, iache dukani.

SWALI: Sampu yangu imeota vipele vya kutu na sasa inatoa jasho la oili. Fundi ataka kuichomelea ikiwa mahali pake. Gari huvuka feri kila siku.
*Dereva wa teksi, Mtongwe*

JIBU: Asiichomelee hapo. Ndani kuna oili na mvuke wake, juu kuna sili za mpira, na umeme wa weldi waweza kupita kwenye kompyuta ya gari. Hata ikishushwa, bati lililoliwa na chumvi ni jembamba kuzunguka tundu lote. Moto utafungua matundu mengine matatu kando ya lile moja.

Nunua sampu nyingine, mpya au ya gari lililovunjwa, lakini ukinunua ya zamani igonge kwa kifundo cha kidole kote na uiangalie ukingo kwa rula. Ukingo uliopinda kwenye matundu ya bolti hautashika. Unyooshwe kwa nyundo juu ya kipande cha chuma bapa. Ipake rangi ya kuzuia kutu nje, siku moja kabla ya kufungwa, usiguse uso wa kufungia. Kama lazima ufanye kazi wiki hii, mwaga oili, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, futa kwa dawa ya breki, paka gundi ya chuma ya sehemu mbili, ikae usiku kucha. Itakusogeza siku chache, si miezi.

Maji ya chumvi yanayoruka kwenye mdomo wa feri yanabaki juu ya ukingo wa sampu na kwenye vichwa vya bolti. Mara moja kwa wiki, pitisha maji baridi ya bomba chini ya gari. Na kila sevisi, nati ya sampu ivae washa mpya. Nati ya M12 kwa Toyota ndogo hukazwa karibu Nm 38, si kwa bomba refu lililoongezwa kwenye spana. Meno yakishalika, usikubali nati kubwa iliyolazimishwa kwa nguvu. Pachika meno mapya ya chuma ya saizi ileile.

SWALI: Forester, injini EJ20, inatetemeka. Nimetoa plagi, nakuta oili imejaa kwenye shimo lake.
*Kijana, Nyali*

JIBU: Ringi za mashimo ya plagi, zilizo ndani ya kava za valvu, zimekufa. Oili imepenya kwenye mpira wa koili au waya, na cheche inapotea. Nyonya oili kwa bomba jembamba kabla ya kutoa plagi, isiangukie ndani ya silinda. Badilisha ringi zote na gasketi za kava zote mbili; kushoto utahitaji kutoa betri na tangi la maji ya kioo ili mkono upite. Mpira wa koili uliovimba kwa oili nao ubadilishwe, la sivyo mtetemo utabaki. Kava hizi zimelala ubavuni, ekzosi iko chini yake, kwa hiyo ile harufu ya mwalimu wa Likoni waijua tayari.

SWALI: Nimejibadilishia oili na filta nyumbani. Nikawasha, kwa dakika moja oili yote ikawa uani. Filta ni mpya kabisa!
*Msomaji, Tudor*

JIBU: Umezima, vizuri. Usiwashe tena. Ifungue filta uitazame sehemu inapokalia kwenye injini. Karibu hakika ringi ya mpira ya filta ya zamani imebaki imeganda pale, na ya mpya imekaa juu yake. Ringi mbili zikipandana hushika wakati hakuna presha, kisha huchomoka mara moja pampu ikianza kusukuma. Bandua ile ya zamani kwa kidole au kijiti, futa uso mpaka uone chuma kitupu, paka ringi mpya oili safi, zungusha filta kwa mkono hadi iguse, halafu robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Oili ya uani imwagie mchanga mkavu au unga wa mbao, uifagie ndani ya debe pamoja na ile ya zamani, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Usiisukume kwa maji hadi mtaroni. Kutoka hapo itaishia kwenye hori, baharini. Kisha tia oili mpya hadi alama ya juu ya dipstiki, washa, ngoja taa ya oili izime, zima injini, chungulia filta kwa tochi, subiri dakika 5, pima tena na uongeze kile kilichoingia kwenye filta.